Kijana kafungwa miaka 3, mi bado narejesha mkopo: hii adhabu ni ya nani?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mi nipo Morogoro. Nilichukua mkopo nikanunua pikipiki, nikampa kijana wa hapa mtaani apige bodaboda awe ananiletea hesabu elfu kumi kwa siku. Miezi minne tu kaiuza, akaja kunidanganya imeibiwa. Kesi ikaenda mahakama ya wilaya, kafungwa miaka 3 kwa wizi wa kuaminiwa, hakimu akasema iwe fundisho kwake na kwa wengine. Sasa mi nauliza, fundisho kwa nani? Mkopo nalipa mimi, tena ni hii ya kausha damu yenye riba kubwa, pikipiki yenyewe imeshauzwa spea spea, na kijana anakula ugali wa serikali kwa kodi yangu. Hivi lengo la kumwadhibu mtu ni nini hasa? Halafu ndugu zake wamekuja nyumbani wanasema watanilipa kidogo kidogo, nikubali au ni mtego?

JIBU: Pole sana kaka. Hilo swali la "fundisho kwa nani" limenikaa kichwani siku mbili, maana hiyo sentensi mi mwenyewe nimeiandika sana. Kabla sijaingia kwenye uwakili nilikuwa hakimu miaka kadhaa, na nakuambia ukweli, ukifika mwisho wa hukumu saa nane mchana, mafaili mengine kumi yanakusubiri mezani, mkono unaandika wenyewe "ili iwe fundisho kwa mshtakiwa na wengine wenye tabia kama hiyo". Mwendesha mashtaka kaiomba hivyohivyo, waandishi wanaiandika hivyohivyo, kila mtu anaenda nyumbani. Hakuna anayegeuka kukuuliza wewe.

Na kwa nini hawakuulizi? Angalia juu ya faili la kesi yako. Imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Jina lako halipo pale. We ulikuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, umeapa, umeeleza, umeulizwa maswali, umeambiwa unaweza kwenda. Kesi ya jinai serikali inaichukua inakuwa ya kwake, na hapa ndipo kizunguzungu chako kinaanzia, kwa sababu wewe ulienda polisi ukijua unafuata pikipiki, kumbe ulienda kuripoti kwamba Jamhuri imekosewa.

Sio kwamba ni ujinga, kuna sababu ya maana sana. Serikali isipoichukua hiyo kesi, nani ataichukua? Unajua mwenyewe, umeishi mtaani. Kibaka akipigiwa kelele za mwizi stendi, kabla polisi hawajafika kuna tairi na petroli, kesho gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali". Adhabu ya mahakamani kazi yake ya kwanza kabisa, ya zamani kuliko zote, ni kuichukua ile hasira mikononi mwa watu na kuipa kipimo. Wasomi wanaita malipizi, yaani mtu analipwa anachostahili. Watu wengi wakisikia malipizi wanadhani ni ukatili, mi naona kinyume chake, malipizi yanasema mlipe ANACHOSTAHILI na usizidishe. Aliyeiba kuku hastahili tairi. Hilo ndilo kundi la watu haliwezi kulipima hata siku moja, kwa hiyo hata hiyo miaka 3 ambayo we unaiona haina faida, imefanya jambo moja: kijana yuko hai, na wewe na vijana wa kijiweni kwako hamna damu mikononi.

Sasa tuje kwenye hilo "fundisho", hapa nitakaa kidogo maana ndo pana uongo mwingi.

Wazo lenyewe ni rahisi, mtu akiona mwenzake kaumia ataogopa. Nchi yetu imelijaribu kwa nguvu sana. Mwaka 1963, Uhuru hata miaka miwili haujafikisha vizuri, Bunge likapitisha Sheria ya Adhabu za Chini, kwamba ukipatikana na rushwa, au kuvunja nyumba, au wizi wa mifugo na makosa mengine kama hayo, hakimu hana ujanja, ni kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24 juu yake. Viboko vyenyewe vimegawanywa, 12 siku unaingia, 12 siku unatoka. Wazee wetu wanaikumbuka sana hii, maana Mwalimu Nyerere mwenyewe aliisimulia baadaye kwa utani wake ule, kwamba vile 12 vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkeo. Watu wanacheka ukumbini. Lakini ukiiwaza vizuri ile sheria ilikuwa inafanya kitu cha wazi kabisa, mwili wa mfungwa ulikuwa ni tangazo, akitoka anapita mtaani nalo.

Na rushwa iliisha? Ng'ombe waliacha kuibiwa? Sheria ile ikafutwa ikaja nyingine 1972, bado na adhabu za chini ndani yake, na leo hii bado tunahubiri rushwa na bado watu wanalala zizini na ng'ombe wao.

Mi nilishaacha kuamini kwamba mtu anapiga hesabu ya miaka kabla ya kuiba. Kijana wako unadhani siku anaiuza ile pikipiki alikaa akasema, eti wizi wa kuaminiwa sheria inaruhusu mpaka miaka 10, ingekuwa mitano ningeiuza? Hata hajui hilo kosa linaitwaje. Alichopiga hesabu ni kimoja tu: watanijua? Na akajijibu hawatanijua, nitasema imeibiwa. Vibaka wanajua kabisa kwamba wakishikwa na raia wanaweza kuchomwa, hakuna adhabu kali kuliko hiyo duniani, na bado kesho yake kuna mwingine anakwapua simu dirishani kwenye daladala. Kwa sababu kila mmoja anajiona yeye hatashikwa. Mtaliano mmoja, Cesare Beccaria, alishayaandika haya 1764, kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kuadhibiwa hata kama adhabu ni ya wastani, kuliko adhabu ya kutisha yenye mwanya wa kuponea. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipofuta hukumu ya kifo 1995, katika ile kesi ya Makwanyane, Jaji Chaskalson alisema kitu hichohicho, kizuizi kikubwa ni mhalifu kujua kwamba uwezekano wa kukamatwa, kutiwa hatiani na kuadhibiwa ni mkubwa. Kwa hiyo ukitaka fundisho la kweli usiongeze miaka, ongeza mpelelezi anayepokea simu yako siku ya kwanza pikipiki ikiwa bado nzima haijachinjwa spea. Ila mpelelezi anahitaji bajeti, na kuandika namba kubwa ya miaka kwenye sheria ni wino tu, ndo maana wanasiasa wa nchi zote wanapenda namba.

Na namba kubwa zina shida yake nyingine. Chukua unyang'anyi wa kutumia silaha kwenye Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kijana wa miaka 19 kamtolea mtu kisu kachukua simu, ni mvua 30, hakimu anaweza kulia machozi pale kitini lakini hawezi kushuka chini ya hapo. Sasa linganisha na kuua bila kukusudia, juu kabisa ni kifungo cha maisha lakini chini hakuna sakafu, jaji anaangalia mazingira, anaweza kutoa miaka michache tu kama ulikuwa ugomvi wa ghafla. Yaani mtu kafa, jaji anaruhusiwa kufikiri, simu imeibiwa kwa kisu, haruhusiwi. Nishawahi kukaa na mama wa kijana wa namna hiyo kwenye benchi nje ya mahakama, akaniuliza mwanangu akitoka atakuwa na miaka mingapi, nikashindwa kufanya hesabu kwa sauti.

Hukumu ya kifo kwetu ndo hivyohivyo, ukiua kwa kukusudia adhabu ni moja tu, kunyongwa, ingawa kitanzi chenyewe hakijatumika tangu 1994. Mwaka huohuo 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema inavunja Katiba, kwenye kesi ya Mbushuu, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kutweza lakini ikasema Katiba inaivumilia. Wakenya wao Mahakama ya Juu ikafuta ule ulazima Desemba 2017, kesi ya Muruatetu, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikatuambia na sisi 2019 kwamba kumfunga jaji mikono namna ile kunakiuka haki ya kuishi. Nimekupeleka mbali kidogo na pikipiki yako, ila jambo ni lilelile: malengo ya adhabu yako mengi na yanavutana, mtu wa kuyapima kwa kesi hii na mtu huyu ni hakimu, ukimnyang'anya mizani unabaki na lengo moja tu ambalo ndo dhaifu kuliko yote, kutisha.

Kuna lengo lingine watu hawalitaji sana kwa jina ila ndo wanalolitaka moyoni, kumtoa mtu njiani. Akiwa jela ya Ukonga au Segerea au Butimba hawezi kuuza pikipiki ya mtu. Hili kwa watu wachache, wabakaji wanaorudia, watu wanaoua kwa kukodishwa, mi nalikubali moja kwa moja. Norway ambao tunawasifia kwa jela zao za upole, kifungo chao cha kawaida juu kabisa ni miaka 21, lakini yule Breivik aliyeua watu 77 mwaka 2011 walimpa aina ya kifungo ambacho kinaweza kurefushwa kila kikiisha kama bado ni hatari. Ila ukililegeza hili lengo linakula kila mtu. California walipitisha sheria 1994 ya makosa matatu, na jamaa mmoja mwenye rekodi ndefu ya nyuma akaiba fimbo tatu za gofu, akala miaka 25 hadi maisha, akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 2003 wakamwambia sawa tu, kaa ndani. Fimbo za gofu kaka! Na gharama ya kumlisha mtu miaka 25 nani analipa, ndo lile swali lako la ugali wa kodi.

Kwa kijana wako hili lengo linaisha haraka. Mfungwa mwenye mwenendo mzuri anapunguziwa theluthi moja kwa Sheria ya Magereza, kwa hiyo miaka 3 kwa kawaida ni miaka 2, atarudi Morogoro, mtaa uleule, kijiwe kilekile. Atarudi akiwa nani? Hapo ndo urekebishaji unaingia. Zamani tulikuwa tunasema jela ni chuo, kwa maana mbili, na zote kweli. Pale Gereza Karanga, Moshi, kuna kiwanda cha viatu, kuna watu wameingia hawajui kushika sindano wametoka mafundi wa ngozi, kuna magereza ya mashamba, ya useremala. Lakini huohuo usiku kijana wa wizi wa pikipiki analala ubavu kwa ubavu na mzoefu anayemfundisha namna ya kuchezea namba za chesesi, na kwenye msongamano hakuna mtu ana muda wa kumfanya nani fundi. Sehemu kubwa ya waliomo humo ni mahabusu wanaosubiri kesi, mtu hajahukumiwa na tayari anaishi maisha ya adhabu, urekebishaji gani utamfanyia mtu ambaye hata hujathibitisha ameharibika?

Kwa watoto sheria yetu ilishaamua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kabisa mtoto kupewa kifungo, kuna shule ya maadilisho kule Irambo, Mbeya. Kwa watu wazima nao kuna mlango ambao hautumiki inavyotakiwa, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. Hakimu akiona kifungo kinachofaa hakizidi miaka 3 anaweza badala yake kumwamuru mtu afanye kazi za jamii bila malipo huku analala kwake. Umeona hiyo namba? Miaka 3, kijana wako alikuwa kwenye mstari uleule. Angekuwa nje anafagia zahanati asubuhi, mchana anabeba zege, hela ya kukulipa angalau ingekuwa na pa kutokea. Sijui ushahidi wote uliokuwa mbele ya hakimu wenu kwa hiyo simhukumu, pengine aliona kijana angekimbia. Lakini huwa tunasahau kwamba mtu tukishamfunga ndo tumemfungia na uwezo wake wa kulipa.

Nifike sasa kwenye lengo ambalo kwako ndo lenyewe, kurudisha kilichoharibika. Kwa mababu zetu hapa hapakuwa na mjadala mrefu, jela zilikuja na wakoloni, kabla ya hapo aliyeua ng'ombe wa mtu alilipa ng'ombe, aliyejeruhi alilipa, wazee walikaa, mambo yakaisha watu wakala pamoja. Waislamu wana dia, yaani fidia ya damu, mpaka leo kwenye sheria yao. Rwanda baada ya mauaji ya 1994, jela zimejaa na mahakama za kawaida zisingemaliza kesi hata kwa miaka mia, wakaurudia utaratibu wa gacaca, majirani wamekaa kwenye nyasi, kesi karibu milioni 2 zikasikilizwa hadi wanafunga mwaka 2012, aliyekiri akiomba msamaha alipunguziwa, wengine sehemu ya kifungo wakaifanya kwa kazi za umma. Ina lawama zake nyingi gacaca, kuna walioonewa, kuna waliokiri ili tu watoke, ila ilimuweka aliyekosewa katikati ya uwanja.

Kabla hujasema basi turudi kwa wazee, ngoja. Kuyamaliza nyumbani kunapendeza kwenye pikipiki. Kwenye binti aliyebakwa, nimeona "kumaliza nyumbani" maana yake baba kapewa mbuzi wawili na binti kaambiwa anyamaze. Ndo maana kesi iliitwa Jamhuri tangu mwanzo, ili mwenye nguvu asimnunue mnyonge. Mi sitaki serikali itoke, nataka iachie kiti kimoja pembeni yake.

Na hicho kiti kipo kwenye sheria, hawakikumbuki tu. Kwenye orodha ya adhabu za Kanuni yetu ya Adhabu fidia imetajwa palepale pamoja na kifungo na faini, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu akishamtia mtu hatiani aamuru amlipe aliyeumia. Wakenya kwenye mwongozo wao wa utoaji adhabu wa 2016 waliandika malengo sita, kulipiza, kutisha, kurekebisha, haki ya kuponya kwa pande zote, kulinda jamii, na kulaani kosa, kwa hiyo hakimu wao akawa na karatasi ya kumkumbusha kwamba kuna mtu wa tatu chumbani. Kulaani nako usikudharau, ile siku hakimu aliposema kwa sauti "mahakama inakutia hatiani", ule uongo wa "imeibiwa" ulikufa mbele ya watu, na wewe uliyeanza kuonekana umemsingizia mtoto wa watu ukasafishwa. Hilo halilipi marejesho ya mkopo wako, najua.

Sasa vitendo. Nenda masjala ya mahakama ile ukaombe nakala ya hukumu, soma mwisho wake uone kama kuna amri ya fidia, mara nyingine ipo na mwenye haki hajui kwa sababu siku ya hukumu hakuwepo au alikuwa anahema kwa hasira hakusikia. Kama ipo, unaomba itekelezwe. Kama haipo, haki yako ya kufungua madai ya kawaida haijafa, kumfunga kijana hakujafuta deni lake kwako, na ile hukumu ya jinai itakusaidia sana kwenye ushahidi.

Ndugu zake wapokee. Mtego ungekuwepo kama kesi ingekuwa bado mbichi na wanakupa hela usiende kutoa ushahidi, hapo mngeingia matatizoni wote, maana kuuza kesi kubwa nako ni kosa. Kesi imeshaisha, kijana yuko ndani, wanacholipa ni deni. Andikeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, bei ya pikipiki, kila mwezi shilingi ngapi, nani atasaini akifa mzee, mashahidi wawili upande wako wawili upande wao, na kila wakilipa waandikie risiti hata kwenye daftari la shule. Kama umewahi kulipwa chochote na kijana kabla hajakamatwa, kitoe kwenye hesabu, usianze kwa kuwaibia. Wakikuomba uandike barua ya kumsamehe usiandike haraka, ije kwangu niione kwanza maneno yake, na kama kweli wamelipa miezi mitatu minne mfululizo mi nitakusaidia kuiandika.

Na ile ya kausha damu njoo na mkataba wake, hiyo riba nataka kuiona kwa macho.